Mpangaji Wangu na Waslavi Wake

Ulikuwa mwaka tuliokula michembe kwa nsansa mpaka watoto wakawa wanakimbia wakisikia kifuniko cha sufuria. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, mpunga wa mbugani ulitoa majani bila punje, na mwenye ng'ombe wa maziwa aliheshimiwa kuliko diwani. Asiyejua michembe nimwambie: ni viazi vitamu, unavikata vipande, unavianika juani mpaka vikakamae kama magome, unaviweka. Siku ya shida unavichemsha. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa. Ukila hivyo viwili mwezi mzima, hata ndoto zako zina vumbi. Namba ya mwaka huo waulizeni wenye kalenda. Mimi nasema mwaka wa michembe, na kila mtu wa Bariadi mwenye umri wangu anaitikia kwa kichwa.

Ndio mwaka aliokuja binti huyu. Alishuka kwenye bajaji na begi dogo la nguo na maboksi ya vitabu yaliyomtoa dereva jasho. Nilimpa chumba cha uani, nikampa na sahani.

"Hiki nini, Bibi?"

"Kula kwanza, utauliza ukishiba."

Akala. Akafuta sahani kwa kidole. Nikasema moyoni, huyu atakaa.

Jina lake silitaji. Pale nyumbani wamepita wapangaji wengi, mwalimu, fundi wa friji, karani wa pamba, lakini yeye tu ndiye tuliyemwita Mpangaji kana kwamba ndiye wa kwanza duniani. Ukoo wake pia nauacha. Aliniambia ni Mzaramo, nikajua ni mtani wangu, ikatosha. Mzaramo ana ruhusa ya kumcheka Msukuma hata akiwa ndani ya jeneza, na Msukuma vilevile. Hakuna haja ya kuuliza babu.

Na niseme mapema kwa nini naandika. Namwandika kwa sababu yeye amekataa kuniandika mimi. Nilimwomba, na mtu wa umri wangu haombi hovyo. Kuniandika kungemfaa yeye na kungenifaa mimi, na bado amekataa, na mpaka leo kichwa changu kinazunguka kama ng'ombe aliyekula majani mabaya. Basi nikasema, kama msomi hataki kumwandika bibi wa darasa la nne, bibi wa darasa la nne atamwandika msomi. Karatasi ninayo na mkono haujafa.

Asubuhi alifundisha kwenye chuo kimoja hapa mjini. Hiyo niliielewa. Mchana alirudi, akafunga mlango, akaanza kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyonitesa.

"Unasoma nini, mtani?"

"Fasihi ya Waslavi, Bibi."

"Ndio kina nani hao?"

"Warusi, Wapolandi, Wacheki, Waserbia, Waukraine. Wako wengi."

"Wote ukoo mmoja?"

"Lugha zao zinakaribiana."

"Kama sisi na Wanyamwezi."

"Kama hivyo. Ila hawa siku hizi wengine wanapigana."

"Wako wapi?"

"Mbali, Bibi. Kwenye theluji."

"Sasa watu wa kwenye theluji unawasomea Bariadi?"

Akanionyesha simu. "Wako humu."

Niliikodolea macho ile simu. Ilikuwa imepasuka kona.

Alijitahidi kunieleza, simlaumu. Alisema watu hao walikuwa na waandishi zamani, wameshakufa, walioacha vitabu vinene kama tofali za kuchoma. Watoto wao leo hawana muda wa tofali. Wanachukua sentensi moja, wanaibandika kwenye picha ya paka au ya mlevi aliyelala, wanarushiana. Mwingine anaongeza lake. Mwingine anamsingizia marehemu maneno ambayo hakuyasema. Mwingine anafungua ukurasa kwa jina la marehemu, anawajibu watu salamu kana kwamba amelala tu chumba cha pili. Mpangaji alikusanya hayo yote, akayapanga, akajiuliza: kitabu kikikatwakatwa kikaingia kwenye simu, bado ni kitabu kilekile?

"Na jibu?"

"Ndilo ninalotafuta."

"Ukilipata utalipeleka wapi?"

"Chuo kikuu. Wakilikubali nitaitwa Daktari."

"Wasipolikubali?"

"Nitakuwa nimewaangalia Warusi miaka yote hii bure."

Hapo niliogopa kwa niaba yake. Mimi nimelima pamba, najua kulima na kukosa. Lakini pamba ikikataa, angalau mabua unayakokea moto. Waslavi wakikataa unakoka nini?

Majirani waliniuliza, na sikupenda kuonekana sijui kinachofanyika kwenye nyumba yangu niliyoijenga mwenyewe. Mwenye duka la mbele, Mwislamu mmoja mpole, nilimwambia anasomea mambo ya simu. Akamletea simu yake iliyogoma, na Mpangaji, maskini, akashinda nayo alasiri nzima bila kufanikiwa. Akina mama wa jumuiya kanisani niliwaambia anatafsiri Kirusi. Balozi wetu wa nyumba kumi nilimwambia anasomea Wazungu wanaotukanana. Nilipomuuliza Mpangaji lipi lilikuwa karibu zaidi na kweli, alisema la balozi.

Tabia zake zilikuwa za peke yake. Chai hakuitia sukari. Aliweka jamu kwenye kisahani, akailamba kwa kijiko, akafuatisha chai. Eti ndivyo Warusi wanavyokunywa. Siku moja nilijaribu kwa asali. Si mbaya, ila ni usumbufu, kinywa hakijui kinafanya kazi gani. Kufagia hakujua, alisogeza uchafu kutoka kona moja kwenda nyingine, kesho yake akauamkia hukohuko. Mwezi wa sita, upepo wa asubuhi ukivuma, alijifunga kitenge juu ya sweta juu ya kitenge, anatetemeka, huku mezani ameweka picha ya mji uliofunikwa barafu. "Hao watu wako wangekuzika," nilimwambia. "Ndiyo maana nawasoma kwa mbali," akajibu.

Alizungumza nao pia, kwa sauti, kwenye simu. Lugha ile inasikika kama mtu anayeburuta gunia juu ya changarawe. Na alicheka. Hilo la kucheka nusura liniletee balaa. Mtu aliyejifungia chumbani peke yake, mchana kweupe, anacheka mpaka anakohoa. Mama Shija wa nyumba ya pili akaja amebana mdomo.

"Bibi, mpangaji wako mzima?"

"Mzima."

"Anacheka na nani?"

Mimi nami sina breki. "Na marehemu," nikasema.

Basi. Wiki hiyo hakuna aliyekuja kuomba chumvi kwangu. Ilibidi nizunguke nyumba hadi nyumba nikieleza kwamba marehemu wenyewe ni Warusi, wako kwenye vitabu, hawana habari na mtu wa Bariadi. Nadhani niliharibu zaidi. Kilichomwokoa ni msiba wa baba mkwe wa Mama Shija. Mpangaji alikuja na kisu chake, akakaa na wanawake jikoni, akamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi, akaosha masufuria ambayo wasichana wa hapa wanayakimbia. Mama Shija mwenyewe akasema, "Huyu acheke na amtakaye."

Na pale msibani niliona jambo ambalo bado linanichanganya. Vijana wote walikuwa wamenyoosha simu, wanapiga picha jeneza, wanapiga picha waliao. Yeye, ambaye chakula chake kinatoka kwenye simu za watu, alikuwa ameizima yake na kuifunga kwenye kona ya kanga. Picha yake mwenyewe hakutaka ipigwe kabisa. Mjukuu wangu muuguzi alipokuja likizo akataka tupige picha wote uani, Mpangaji akasema ngoja nikatoe maji jikoni, akakaa huko mpaka picha ikaisha.

"Wewe unachungulia kwa wenzako," nilimwambia, "kwako umeweka pazia."

"Ndiyo, Bibi."

Hakuona aibu hata kidogo. Mimi nikimkamata mtu kwenye uongo hujua la kufanya. Huyu alikubali, nikabaki na fimbo mkononi bila mgongo wa kupiga.

Alikuwa na misemo yake. Mmoja aliupenda: "Kilichosambaa si lazima kimesomwa." Mwingine: "Kichekesho hakina mama." Aliisema wakati hakuna aliyemuuliza, anaanua nguo, anachota maji. Niliishika bila kuielewa, kama unavyoshika funguo za nyumba ya mtu mwingine.

Alasiri nyingine alinisomea. Mimi nabangua karanga, yeye ameshika tofali lake, anasoma kwa Kirusi kimoyomoyo na kutoa kwa Kiswahili mdomoni. Wanaukoo wamekaa mezani, wanakula, wanagombania shamba. Mmoja anaumwa na hakuna anayemwambia kwamba atakufa. Mwingine anampenda mke wa mtu, na mtu mwenyewe anajua.

"Hao ni watu wa Mwamapalala," nikasema.

"Warusi, Bibi."

"Nimezaliwa Mwamapalala, usinifundishe. Endelea."

Kilichomshangaza yeye ni kwamba sikupotea kwenye majina. Alisema wanafunzi wake huchoka kwa sababu Mrusi mmoja ana jina la kuitwa na mama, jina la kazini, jina linalomtaja baba yake. Nikamwambia, baba yangu alikuwa na jina la kuzaliwa, jina la kanisani, jina la ngomani, na jina ambalo mama alimwita akiwa amemkasirikia. Mbona tulijua ni mtu mmoja? Mpangaji akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Siku hiyo nilijiona kama nimeuelewa mlango wa kazi yake. Kesho yake akaniambia jambo jingine kuhusu paka na mshairi, mlango ukafungwa.

Sasa nije kwenye video iliyonifanya nijulikane, mwaka mwingine, njaa imeshapita.

Dada yangu wa Mwamapalala alikuwa amefariki. Tulishazika, yalibaki matanga, na kwetu mtu haendi kwenye matanga mikono mitupu, hasa mtu aliyezaliwa tumbo moja na marehemu. Nilikuwa na viazi vizuri mwaka huo. Nikavikata mwenyewe, sikumpa mtu kisu, nikaanika turubai zima mbele ya nyumba. Michembe myeupe kama meno, mikavu, unaivunja inalia. Kijana mmoja wa bodaboda akakwepa shimo, akapita katikati ya turubai na abiria wake, akageuka tena akapita kutafuta njia ya kutokea.

Niliyoyasema kwanza niliyasema polepole. Nilimwambia: hii ni ya dada yangu, nikamtaja jina, nikamwambia nakwenda kwenye matanga yake kesho nikiwa na nini? Kijana akasema, "Bibi, ni viazi tu." Hapo ndipo moto uliponiwakia. Nikavua kandambili. Nikamwambia umekanyaga meno yangu! Nikamwambia pikipiki yako haina macho na aliyeipanda ndiye kaiambukiza! Nikajisifu kama wacheza ngoma wanavyojisifu uwanjani, mimi nani, nimelima wapi, nimezaa wangapi, nikamfukuza mpaka kwenye lami na kandambili mkononi.

Msichana wa banda la vocha alikuwa anarekodi. Lakini alianza kurekodi nilipofika kwenye meno.

Baada ya siku chache nilikuwa sipiti sokoni bila kuitwa. "Bibi Meno! Bibi, nimekanyaga?" Mjukuu wangu akapiga simu kutoka kazini, anacheka na kulia. Timu ya mpira ikifungwa wanaweka uso wangu: umekanyaga meno yangu. Mshahara ukichelewa, uso wangu. Mume akirudi amechelewa, uso wangu. Wakaniweka miwani, wakaniweka taji, wakaniweka nakimbiza treni. Nisiwadanganye, nilifurahi. Nani wa rika langu hapa Bariadi ameonekana kila mahali hivyo? Nilinunua kanga mpya. Mwenye duka sasa akawa ananipa kiti.

Lakini siku hizo hizo za furaha, nilikuwa nikilala naliona turubai. Hakuna hata mmoja kati ya wale waliocheka aliyejua dada yangu amekufa. Alikatwa. Maneno ya kumtaja yalitangulia meno, na wao walianzia kwenye meno.

Mpangaji hakucheka. Huyu anayecheka na marehemu wa Kirusi, hakucheka. Alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda. Kisha akauliza: "Michembe ilikuwa ya nani, Bibi?"

Ni yeye peke yake aliyeuliza. Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka maji yakakauka kwenye sufuria.

Siku zikapita, akaja na simu yake mkononi, anasitasita. Akanionyesha. Uso wangu, na kandambili, na chini yake maandishi ya ajabu, herufi nyingine zimegeuka kama zinatazama nyuma.

"Kichekesho chako kimefika kwa Warusi," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Wamekuwekea maneno ya mshairi wao wa zamani. Kana kwamba unayasema wewe."

"Yanasemaje?"

"Yanahusu huzuni, Bibi."

Nikapiga kigelegele hapo hapo. Nimefika kwenye theluji bila koti! Yeye aliiangalia ile simu kama mtu aliyekuta panya kwenye unga. Nikamwuliza, si ndiyo kazi yako hii? Si ndicho unachokitafuta? Akasema ndiyo, ndicho hasa. Akaingia ndani, akafunga mlango. Hakucheka wala hakuburuta gunia lake la Kirusi. Nilikaa uani sijui nishangilie au nimpelekee uji.

Mwaka huohuo wakaja wageni. Gari la vumbi, wanaume wawili. Mmoja mtu mzima, shati limenyooshwa, ana miwani na mkoba. Mwingine kijana, dereva, amesimama nyuma yake. Wakapiga hodi vizuri, wakasema wamekuja kwa ajili ya binti anayekaa hapa, wangependa kuzungumza na mimi kwanza, na wameleta sukari na majani ya chai.

Sasa niambie wewe. Wanaume wawili, mmoja msemaji mmoja kimya, mashati safi, zawadi mkononi, wanaanzia kwa mama mwenye nyumba wakati binti hayupo. Kwetu hilo halina maelezo mengine. Nikawakalisha. Nikatuma mtu amwite shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mzee anayejua kusema mbele ya watu. Nikachinja kuku. Nilikuwa na furaha na hofu, maana binti umri ulikuwa umesogea, na mwanamume mwenyewe niliona amezeeka kidogo, lakini ana gari.

Shemeji alikuja na fimbo yake na vijiti mkononi. Akasalimia, akauliza hali ya safari, mvua, na ng'ombe wa huko watokako. Mgeni akasema hana ng'ombe. Shemeji akanitazama. Hata hivyo akaendelea, akachuchumaa, akaanza kupanga vijiti chini, kijiti kimoja ng'ombe mmoja, hiki cha mama, hiki cha mjomba, huyu dume.

Mgeni akavua miwani. "Samahani, mzee. Hii ni nini?"

Dereva wake, kumbe Msukuma wa Maswa, alikuwa ameshika ukuta anatokwa machozi ya kicheko. "Profesa," akasema, "ndiyo mahari hiyo. Punguza."

"Mimi ni msimamizi wake wa masomo! Nina mke! Nina wajukuu!"

"Mke si kizuizi," shemeji akasema, akaongeza kijiti.

Mpangaji akaingia wakati huo kutoka chuoni. Akaona mwalimu wake, akaona vijiti, akaona mimi na kanga mpya. Nilidhani atacheka. Uso wake ulipauka.

Tulipoelewana, profesa akaeleza. Alieleza vizuri, kwa kuniheshimu, hata sasa sina ubaya naye. Alisema chuo kikuu kimechoka kungoja. Wenzake wote wamemaliza. Kazi ya binti huyu ni nzuri lakini haina mwisho, na wakubwa wanasema kwa nini Mtanzania atuletee Waslavi watupu. "Na dhahabu iko mlangoni kwake," akasema, akaninyooshea mkono. "Bibi huyu. Uso wake umetoka Bariadi umefika Urusi na kuvikwa mashairi. Akiandika sura moja tu juu ya Bibi huyu, anamaliza. Asipoandika, mlango unafungwa. Nimemwambia kwa simu, hajibu. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Nikamgeukia. "Mtani, ni kweli? Mimi tu ndiye ninayekosekana?"

Akatazama vijiti chini.

"Niandike basi! Mimi naruhusu, mbele ya profesa, mbele ya shemeji. Andika na jina la dada yangu. Andika ilikuwa michembe ya matanga. Hata dole gumba nitaweka."

Alichuchumaa. Akaokota vijiti kimoja kimoja, akavifunga kwa uzi aliouchomoa kwenye kitenge, akampa shemeji kwa mikono miwili, ameinama kama mke wa kwetu. Kisha akasema, "Chakula kinapoa." Hilo tu. Profesa akala kuku wa posa, akaondoka na vumbi lake.

Mlango ukafungwa kweli. Na chuo cha hapa nacho kikataka mtu mwenye udaktari. Akafunga maboksi yake. Nilimsaidia kuyatoa, simsemeshi, nimenuna. Nilijua ameniona sifai. Warusi waliokufa zamani wanafaa, paka wanafaa, walevi waliolala wanafaa, mimi niliyemchemshia maji ya kuoga mwezi wa sita sifai. Alipopanda gari nilimwambia, "Nenda na Waslavi wako." Akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama, kwa Kisukuma safi kabisa, na hilo likanivuruga zaidi.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilipanda basi kwenda Nyashimo. Nilikuwa nimesikia anafundisha sekondari huko, karibu na barabara ya Musoma. Sikumpigia. Mtu ukimpigia anajiandaa, nami nilitaka jibu lisiloandaliwa.

Nilimkuta nje ya nyumba ya walimu, anaparua sangara mdogo. Amenenepa. Aliponiona kisu kikamwanguka.

"Mwadila, mayu!"

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu." Salamu za Kisukuma zikaisha, akanifutia kiti kwa kanga yake. "Bibi, umekuja peke yako? Na miguu inayokuuma?"

"Miguu imekuja, mimi nimeifuata. Hao Waslavi hawajakuoa tu?"

"Hawana ng'ombe, Bibi."

Tukacheka wote wawili, na kwa kitambo nikasahau kilichonileta. Alinipikia sangara na ugali wa udaga, ule wa muhogo. Nami nilikuwa na michembe kwenye kapu, mipya, nikamtolea, akaichemsha, akaila kwa mkono akiwa amesimama, kama mtu aliyefunga. Nilimtazama akila. Nikasema sasa.

"Mwanangu," nikasema, na sikumwita mtani, ajue sitanii. "Mimi sina miaka mingi mbele. Video ile bado inazunguka. Juzi mtoto wa shule kanionyesha, wamenifanya naimba. Nikifa ndiyo itabaki, bibi kichaa na kandambili. Dada yangu hayumo. Wewe ndiye uliyeuliza ilikuwa ya nani. Na wewe, nimesikia, profesa bado anasema ukileta ile sura mlango utafunguliwa. Basi andika. Uwe Daktari, na mimi niwe na dada yangu. Ubaya uko wapi?"

Alinawa mikono taratibu. Akafuta. Akakaa chini, kwenye mkeka, miguuni pangu, si kwenye kiti.

"Sikuandiki, Bibi. Ninaowaandika sijawahi kula kwao."

Nilingoja nikidhani kuna neno jingine linafuata. Hakuna. Nikauliza hilo ni jibu gani. Nikamwambia mimi nimekulisha, basi ndiyo sababu ya kuniandika, si sababu ya kukataa! Nikamwambia kwetu aliyekula kwako ndiye anayekusema vizuri kwenye matanga. Nikamwambia anawaogopa wenzake wa chuo kikuu. Akatikisa kichwa. Nikamwambia anajiona mkubwa. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama mimi ni mdogo kuliko Warusi. Machozi yakamtoka, lakini kichwa akatikisa vilevile. Nikakasirika, maana mtu akilia unatakiwa uache, na mimi sikutaka kuacha. Nilikuwa nimepanda basi. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani.

Basi nikamtega. Nikamwambia, chakula chote ulichokula kwangu nimekifuta. Tangu ile sahani ya kwanza. Hukula. Sikukujua. Mimi ni bibi wa kwenye simu tu, umeniona kama wao walivyoniona, na kandambili yangu. Haya, sasa niandike.

Akaunyoosha mkono kwenye kapu, akachukua kipande cha michembe, akakitia mdomoni, akakitafuna mpaka kikaisha huku ananitazama machoni. Kisha akasema, polepole, neno kwa neno:

"Sikuandiki, Bibi. Ninaowaandika sijawahi kula kwao."